Uso wa Safu ya Nyuma

Mlio ulinifikia nikiwa bombani. Ulikuwa mmoja, mrefu, kama wa mtu aliyekanyagwa kidole katikati ya sala na anajaribu kujizuia. Kikafuata kimya, kisha ukarudi. Ndoo yangu ilikuwa haijafika nusu. Wanawake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni waligeuza vichwa, na jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza mandazi, akaniambia bila kucheka, "Mwandishi, mtoto wako analia."

Niliujua mlio ule. Ulikuwa wa kompyuta yangu, na kompyuta yangu haikupaswa kuwa imewashwa. Nilikuwa nimemwacha fundi ameifungua kifua, nikamwambia kwa heshima yote niliyofundishwa nyumbani, "Mzee, tafadhali, usiiwashe mpaka nirudi." Niliiacha ndoo chini ya bomba, jambo ambalo pale mtaani Ziwani hakuna mwenye akili timamu aliyelifanya siku ya mgao wa maji, nikakimbia.

Nilichokikuta hakitaeleweka bila kuanza na Jumatatu ya wiki ile.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa na chumba kimoja ambacho nusu yake ilikuwa ofisi. Pazia la maua lilitenga kitanda na meza. Mezani nilichapa barua za watu za kuomba kazi, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, mialiko ya harusi, na zaidi ya vyote, vijitabu vya mazishi. Alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza, mashine ileile niliiandikia riwaya yangu. Ilikuwa imetupwa na ofisi moja ya viwandani, Industrial Area, iliyopata mpya, na mimi niliipenda kama mtu anavyompenda punda mzee: kwa matusi. Jumamosi nilikutana na vijana wenzangu waandishi katika ukumbi wa mtaa. Tulisomeana kazi zetu na kuraruana mpaka jioni. Huko nilijifunza kutoa sentensi nzuri kabla ya kujiuliza kama ni ya kweli, na ndiko kulikoniponza.

Jumatatu hiyo aliingia mama mmoja wa nyumba za upande wa pili, mwenyeji wa magharibi, kitambaa cheusi kichwani. Mumewe alikuwa amefariki kiwandani kwa ajali, ajali ya aina ambayo watu wa mochari humwambia mjane kwa upole kwamba ni afadhali asiombe kufunuliwa. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha picha moja.

"Hii ndiyo tu iliyopo," alisema. "Si yetu, ni ya ofisi ya kiwanda. Ilikuwa imetundikwa ukutani."

Wanaume kama arubaini walikuwa wamesimama mbele ya jengo la mabati katika safu tatu, jua likiwapiga usoni. Aliweka kidole kwenye safu ya nyuma.

"Ni huyu?"

"Sogea kushoto. Huyo aliyejificha nusu. Hakupenda kupigwa picha, dadangu. Siku hiyo walilazimishwa na meneja."

Uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya hindi.

Nilimweleza kwamba kijitabu kinaweza kutoka bila picha, wengi hufanya hivyo. Akatikisa kichwa. Kule nyumbani kulikuwa na mama mzazi wa marehemu. Alikuwa hajamwona mwanawe kwa miaka saba. Kila Krismasi walisema wataenda, na kila Krismasi kitu kilizuka. Jeneza halingefunguliwa. "Sasa yule mama mzee ataamini vipi kwamba ni mwanawe tunayemfukia?" aliniuliza. "Nataka auone uso. Aushike mkononi, mkubwa, alie nao. Basi."

Studio ya picha ilikuwa imemwambia siku kumi, kwa sababu picha za kukuza zilipelekwa mjini. Basi la msiba lingeondoka Jumatano saa kumi jioni.

Ningeweza kusema nitajaribu. Badala yake nikasema, kwa sauti ile ya Jumamosi, "Mama, nitamtoa nyuma nimweke mbele. Njoo Jumatano saa sita, utamkuta anakungoja."

Alinishika mikono yote miwili. Hata leo nikikumbuka nasikia haya ikipanda shingoni.

Nilikuwa na skana ya kuazima. Niliilaza picha, nikaamuru isomwe kwa ukali wa juu kabisa, maana punje ya hindi haikuzwi bila hivyo, na mashine ikanijibu kwa kisanduku cha kijivu kwamba memori haitoshi. Nilifunga kila kilichokuwa wazi, ikajibu vilevile. Usiku huo nililala na kisanduku kile cha kijivu kikinielea ndani ya kope.

Jumanne nilimwendea fundi. Alikuwa na kibanda karibu na viwanda, ametundika mashine za taipu kama mizoga buchani. Alikuwa mtu wa Ukambani, mzaliwa wa nyumba ya wachonga vinyago. Babake alichonga, nduguze walichonga, naye alichonga twiga mpaka siku moja alipotengeneza taipu ya mzungu wa misheni kwa kisu cha kuchongea na hakurudi tena kwenye twiga. Mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yote niliyowahi kuiona ikishika bisibisi. Alikuja na memori nyingine, fito mbili za kijani, akazibana ndani, na mashine ilipowaka tukasimama wote wawili tukiangalia namba zikipanda kwenye kioo, zikipita pale zilipokuwa zikikomea, zikiendelea mpaka mara mbili. Nilipiga makofi kama mtoto.

Kisha ikaanza kutambaa.

Sikuelewa. Nilikuwa nimeiongezea, na imepungua. Nilipoandika "marehemu" nilimaliza neno, nikajikuna shingo, ndipo herufi zikaanza kutokea moja moja kama watu wanaotoka ibadani wakisalimiana mlangoni. Picha ilisomwa, ndiyo. Kisanduku cha kijivu hakikurudi. Lakini ilipoanza kufunguka kwenye kioo, nilingoja dakika ishirini nikaona ukanda mmoja tu wa anga juu ya paa la kiwanda, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Nikakosa subira. Nikaizima.

Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi ya pengine popote. Laiti ningeiacha itambae mpaka asubuhi, ingefika. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliamini kwamba kitu kinachokwenda polepole kimeharibika.

Fundi aliyasikiliza malalamiko yangu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Binti, ukitaka chumvi, unaenda mpaka soko la Gikomba?"

"Naenda hapo kioski."

"Eeh. Hii mashine nayo ina kioski chake. Kinaitwa kache. Vitu inavyovitaka kila mara inaviweka hapo karibu, isitembee. Lakini huyu mama wa kioski ana daftari dogo. Nyumba anazozijua ni zile za zamani tu. Sasa wewe na mimi tumejenga nyingine kwa hizi fito, mara mbili. Watu wa nyumba mpya wakija, anawaambia, 'Siwajui nyinyi, nendeni Gikomba wenyewe.' Na hii programu yako ina ukaidi: inaanza kukalisha watu kwenye nyumba mpya kabla hata ya kujaza za zamani. Kila mtu anatembea."

"Basi tutoe hiyo memori mpya."

"Toa. Utarudi pale ilipokukatalia picha."

"Sasa?"

"Tumpe mama kioski kikubwa na daftari kubwa." Alijua ubao mmoja wa kompyuta uliokufa kule kibandani kwake, wenye vipande vya kache vikubwa kuliko vyangu, na miguu inalingana. Angeving'oa, angevileta kesho asubuhi, angevipachika, basi. "Kazi ya saa moja," alisema.

Niliamini. Jioni ile nilichapa kurasa zote za ndani za kijitabu, nikazipeleka kutolewa nakala, nikazikunja. Ukurasa wa mbele ulitoka nao: jina la marehemu juu, na chini ya jina fremu tupu ya kubandikia picha.

Jumatano saa tatu fundi alifika na kikopo cha filamu kilichojaa vile vipande, vichafu, vimeganda grisi na vumbi la miaka. Aliifungua mashine, akaanza kuving'oa vyangu vya zamani, kimoja kimoja, bila kupinda mguu hata mmoja. Hapo ndipo jirani alipopiga kelele kwamba maji yamekuja, nikachukua ndoo.

Na sasa nimerudi mlangoni, nahema, na mlio unalia.

"Zima!" nilisema. Nilisahau "tafadhali" na nilisahau "mzee".

Akazima. Juu ya meza palikuwa na kisahani changu cha chai, na kando yake kipande cha msasa laini, ule wa kumalizia. Katika kisahani kulikuwa na vipande vya kache vilivyobaki. Viling'aa. Viling'aa kama mpingo. Kila upande ulikuwa laini, kila ukingo umelainishwa kidogo tu, unavyomalizia mgongo wa kinyago ili mkono wa mnunuzi usikwaruzwe. Sijawahi kuona vipande vya kompyuta vizuri namna ile.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimevisafisha," alisema, na nakumbuka kulikuwa na fahari sautini. "Kitu hakirudishwi mahali pake na uchafu wa mtu mwingine."

"Na zile alama?"

"Alama gani?"

Kila kipande kilikuwa na miguu kumi na minne kulia na kumi na minne kushoto, sawasawa kabisa, kama jongoo. Kilichoonyesha kichwa ni kipi na mkia ni upi kilikuwa kidoti kidogo kilichobonyea juu ya ncha moja, chenye kina kidogo kuliko kovu la tetekuwanga. Maandishi yalikuwa juu, na kidoti kilikuwa juu. Msasa ulikuwa umepita juu.

Alichukua kimoja, akakisogeza dirishani, akakigeuza. Nikaona uso wake ukibadilika polepole.

"Nilivipanga," alisema. "Vichwa vyote viliangalia mlango."

"Halafu?"

"Halafu nikasogeza kisahani nipate mwanga."

"Rudisha vya zamani, basi. Vile vyangu."

Akaangalia kisahani. Nikaelewa kwamba vyangu pia vilikuwa mle.

"Vingine vikiwa vimeng'aa na vingine vichafu," alisema taratibu, "ingekuwa aibu."

Sijui kama kuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa lile. Mvivu asingelifanya. Mwizi asingelifanya. Fundi aliyesomea kompyuta asingeligusa jambo lile hata kwa kulipwa. Ilihitaji mtu mwaminifu, mwenye mikono ya urithi, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kazi haijaisha mpaka imepigwa msasa.

Tulikisia. Tulitazama vile vilivyokuwa na kivuli cha kidoti, au tulivyojidanganya kuwa vinacho, tukavipachika, tukawasha, mlio. Tukageuza kimoja, mlio. Tukageuza cha pili, na mlio haukuja. Sekunde mbili za furaha. Kisha harufu. Fundi alipeleka kidole kugusa, akakirudisha upesi akakitia mdomoni. Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ya jirani ikaja, mafuta yake yakichemka nyuma ya maneno: "Fundi! Unakaanga nini huko? Nilete unga?"

"Leta maji," alijibu fundi, kidole kikiwa bado mdomoni.

"Maji gani? Ndoo ya mwandishi imeibwa bombani kitambo!"

Walicheka huko nje, wanawake watatu wanne. Mimi nilimgeukia fundi nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, maneno ya mtoto kwa mtu wa umri wa babake. Kuhusu twiga. Kuhusu watu wanaopaswa kubaki na miti. Aliyapokea amesimama. Nilipokwisha alisema, "Umesema kweli, binti. Sasa ni saa tano na nusu. Tufanye nini?"

Tulikuwa na njia moja. Tuling'oa vipande vyote, tukaacha matundu yake wazi kama ufizi. Nikaingia katika ule ukurasa wa buluu wa mipangilio unaotokea kabla ya kitu kingine chochote, nikaizima kache kabisa. Hakuna kioski, hakuna daftari. Kila mtu Gikomba, kwa miguu, kwa kila punje ya chumvi. Mashine iliwaka. Ilikuwa nzito kuliko jana, nzito kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuwa kizito na bado kikaitwa kizima. Niliiamuru ifungue picha.

Saa sita kamili mama aliingia. Alikuwa amevaa nguo za safari.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja," nilisema.

Nilimpa kiti. Jirani alileta chai na mandazi mawili kwenye sahani, akayaweka mapajani mwa mama, akaangalia kioo, akaangalia matumbo ya mashine yaliyokuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaondoka bila kusema neno.

Tulikaa. Anga ilishuka kwanza, mstari kwa mstari. Kisha ukingo wa paa. Kila mstari ulipotokea diski ilikwaruza ndani kama panya kwenye gunia. Saa saba na nusu vilitokea vichwa vya safu ya nyuma, na mama akasogeza kiti. Nikachora kisanduku kukizunguka kile kichwa, nikaamuru kikatwe. Saa nane alikuja kijana aliyetumwa kutoka kwenye basi; mama alimwambia bado kidogo. Hadi saa nane na nusu mashine ilikuwa inafikiria. Nikaamuru kikuzwe, kijaze fremu. Kioo kikawa cheupe.

"Dakika kumi," nilisema.

Fundi alikuwa amesimama karibu na pazia, kofia mkononi. Nilimwambia aketi. Akakataa.

Saa tisa na robo nywele zilianza. Zilikuwa chembechembe, mraba mweusi, mraba wa kijivu, lakini ukijivuta nyuma kidogo zilikuwa nywele za mtu, zimekatwa chini, na upande mmoja kulikuwa na mstari wa jua. Kisha paji la uso. Lilichukua muda mrefu; alikuwa na paji pana. Mama aliliangalia bila kupepesa. Chai yake ilikuwa imeota utando.

"Kovu lake," alisema ghafla. "Hilo. Aliangukia jembe akiwa mdogo. Mama yake ndiye aliyemshona, na uzi wa nguo."

Mimi sikuliona kovu. Niliona miraba tu. Sikubisha.

Nyusi zilikuwa zimeanza mlango ulipogongwa. Alikuwa shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, tai shingoni, vumbi kwenye viatu.

"Shemeji, mwili umeshapakiwa. Watu wote wamo ndani. Dereva anataka kuvuka Nakuru kabla ya giza."

"Bado kidogo," mama alisema.

"Uliniambia hivyo nilipotuma mtu saa nane."

"Dakika kumi," nikasema mimi.

Mama alinigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Dadangu," alisema, "dakika kumi zako zimeanza saa sita."

Shemeji alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akakiangalia kioo. Jicho la kushoto lilikuwa linaingia. Nusu ya jicho, kwa kweli: kope, kisha weusi, mstari mmoja, mkwaruzo, mstari mwingine. Nje honi ililia, ndefu, kutoka upande wa barabara.

Mama aliinuka. Aliweka kiganja juu ya kioo, umeme wa kioo ukavuma kidogo chini ya vidole vyake, akakiacha hapo kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili.

"Ndiye," alisema.

Nikamwambia ningemaliza, ningechapa usiku huohuo, ningetuma na basi la kesho, ningetafuta mtu anayeenda upande ule. Nilisema mengi, na yote yalikuwa sentensi nzuri. Alinisikiliza akiwa anapanga vijitabu ndani ya mfuko wa kiondo, vile vyenye ukurasa wa mbele wenye jina na fremu tupu, akivigonga ukingoni vikae sawa.

"Wanazika kesho asubuhi," alisema. "Basi la kesho litamkuta chini."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe ile picha."

"Ya kiwanda? Si wanaitaka irudi?"

"Watanisamehe." Aliitoa kwenye skana mwenyewe, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa, akairudisha ndani ya bahasha ya kaki. "Nitamwonyesha mama yake kwa ncha ya sindano. Kidole changu kinamfunika."

Fundi alipiga hatua moja mbele, kofia ikizunguka vidoleni. "Mama," alisema. "Kosa ni langu. Si la huyu binti. Mimi ndiye niliyepiga msasa."

Nadhani mama hakuelewa alichoambiwa. Alimwinamishia kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mzee anayetoa pole. Alinishukuru kwa kiti. Alimshukuru jirani kwa chai, kupitia ukutani, na jirani akajibu safari njema. Shemeji akachukua kiondo akatangulia kutoka. Mama akakagua vifungo vya koti lake, akaweka bahasha kifuani ndani ya koti, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.